Akiba ya Fomu, Ziwani Mweru

Wahenga walinena kwamba akiba haiozi. Mama wa nyumbani huweka unga kabla ya masika, naye askari haendi doria ya siku nyingi bila chakula mkobani. Kompyuta za siku hizi nazo huweka akiba, na miongoni mwa akiba hiyo ni fomu.

Wilaya ya Nchelenge, mkoani Luapula, Zambia, iko ukingo wa mashariki wa Ziwa Mweru. Ng'ambo yake ni Kongo. Malaria ni adui mkubwa wa watoto wa huko. Kila mgonjwa hana budi kuhesabiwa, kwa kuwa dawa na vipimo hukadiriwa kwa hesabu hizo.

Wizara ya Afya ya Zambia hukusanya takwimu kwa DHIS2, programu ya intaneti iliyoendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norwei. Mhudumu aifunguapo mtandao ukiwapo, kivinjari huweza kuhifadhi violezo, yaani fomu tupu zenye vichwa na nafasi za kujazia. Mtandao ukikatika, fomu hutolewa akibani na kujazwa, na majibu hukaa ndani ya kompyuta hadi mawasiliano yarejeapo. Kiolezo kikiisha kuhifadhiwa, kinachosafiri ni tarakimu tu, mzigo mwepesi hata kwa mtandao dhaifu.

Hata hivyo, akiba ya namna hii huoza. Fomu ikibadilishwa, tuseme ili kutenga watoto walio chini ya miaka 5, kituo chenye kiolezo cha zamani kitaendelea kuchanganya wakubwa na wadogo bila kujua, na dawa ya watoto yaweza kupungua. Kwa hiyo watengenezaji hukipa kila kiolezo namba ya toleo. Mtandao urudipo, programu hulinganisha namba, hutupa cha kale na kuweka kipya. Majibu ambayo hayajatumwa hayapaswi kutupwa pamoja nacho.

Mhudumu anayekwenda kisiwani Kilwa yampasa afungue fomu zake zote angali bandarini, akague toleo, na aifunge kompyuta kwa neno la siri, maana imebeba habari za wagonjwa. Arudipo, atume kwanza, ndipo asafishe kivinjari. Mtumbwi hukaguliwa ufukweni, si katikati ya maji.