Wamechukua Nywele, Majibu Yako Wapi?

Kwenye kurasa hizi tumezoea kuongelea nywele kwa mambo ya saluni: rasta, dawa, wivingi. Mwezi huu naomba tuziangalie kwa jicho lingine, maana nywele zina umbea wa ajabu. Zinakua kama sentimita moja kwa mwezi, na kama mwilini mwako mna zebaki, nazo zinaiweka. Mtaalamu akizipima anaweza kujua jambo ambalo hata mumeo halijui.

Na limeshatokea huku kwetu Kanda ya Ziwa. Kati ya 1996 na 1998, Dk. Masazumi Harada wa Japani na wenzake walipima nywele za watu 272. Harada ndiye yule daktari aliyetumia maisha yake kwa wagonjwa wa Minamata, mji ambao watu wake walilemazwa na zebaki iliyoingia baharini kutoka kiwandani. Katika hao 272, wachimbaji wa dhahabu walikuwa 150, wavuvi na familia zao 103, na 19 ni wakazi wa Mwanza mjini. Hofu ilikuwa zebaki ya machimboni, na kweli wachimbaji wengine walikutwa nayo nyingi. Lakini ikakutwa pia kwa baadhi ya wavuvi na watu wa mjini ambao kazi yao haihusiani na dhahabu! Tena haikuwa aina ile inayotoka kwenye samaki. Watafiti wakanyooshea kidole sabuni za kuogea zenye zebaki.

Ndiyo shosti, mambo ya kujichubua. Zebaki inazuia ngozi kutengeneza rangi yake, ndiyo maana wajanja huiweka kwenye sabuni na krimu. Unatakata, na huku figo zinaumia kimyakimya.

Sasa niambie, ulishawahi kuisikia habari hii? Ilichapishwa 1999, kwa Kiingereza, kwenye jarida la kisayansi la kampuni ya Uholanzi. Muhtasari unausoma bure, lakini ukitaka makala nzima unaambiwa toa dola. Vyuo na hospitali zetu vinaweza kuingia kwa mpango wa Research4Life. Mama wa Buhemba si chuo wala si hospitali.

Nimemtaja wa Buhemba makusudi. Pale Butiama watu wamechimba dhahabu tangu enzi za mkoloni, ikaja Meremeta, ikaondoka, na wachimbaji wadogo bado wapo. Kazi zao unazijua: mawe yanasagwa kwenye karasha, mchanga unaoshwa mwaloni, zebaki inatiwa ili ikamate dhahabu, kisha kile kidonge kinachomwa. Mara nyingine kinachomewa nyumbani, jikoni, mama akiwa na mimba na mtoto amekaa pembeni. Moshi wake hauna rangi ya kumtisha mtu. Baada ya muda baba anaanza kutetemeka mikono, halali usiku, anawaka kwa kitu kidogo. Ndugu wanasema pombe, majirani wanasema karogwa, mke anadhani kuna nyumba ndogo. Ndoa inayumba kwa ugonjwa ambao daktari angeweza kuupima kwa mkojo!

Dawa ya moshi huo ipo na si ya maajabu. Ni ritoti, chombo kinachofungwa juu ya moto, mvuke unapita kwenye bomba, unapoa na zebaki inarudi kuwa maji ya kutumika tena. Fundi wa kuchomelea akiona mchoro anaweza kuitengeneza, na mchimbaji anaokoa hela ya zebaki. Kuna na njia ya boraksi ya wachimbaji wa Ufilipino, isiyotumia zebaki kabisa. Kwa maoni yangu, ubunifu unaoishia kwenye ripoti ya warsha hotelini haujamfikia mtu. Sasa Butiama hapo hapo kumeanzishwa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere, kwa hiyo kisingizio cha umbali kinaanza kuisha.

Lakini ngoja, kuna upande wa pili. Siku hizi mtafiti haji na daftari, anakuja na tableti. Anaandika jina lako, namba ya simu, anabonyeza nyumba yako ilipo kwenye ramani, kisha anauliza: dada, una mimba? Unatumia sabuni gani? Mumeo anachomea wapi dhahabu? Na wifi yako amekaa hapo hapo anamenya muhogo. Ukisema kweli, jioni mji mzima unajua. Ukidanganya, utafiti wenyewe unaharibika. Na hayo majibu yakishaingia kwenye mashine, picha moja tu ya skrini ikitupwa kwenye grupu la WhatsApp, umekwisha.

Hapo tuna pa kushika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, imeziweka habari za afya kwenye kundi la taarifa nyeti, na kwa kawaida zinataka ridhaa yako ya maandishi. Utafiti una nafasi yake ndani ya sheria hiyo, ila masharti yapo. Ipo Tume ya kupeleka malalamiko. Na utafiti wa afya unatakiwa kuwa na kibali cha maadili, ambacho kitaifa hutolewa na NIMR.

Kwa hiyo akija na mkasi wake, usimfukuze, tunawahitaji sana hawa watu. Mwombe mkakae pembeni, wifi abaki na muhogo wake. Mwambie akuonyeshe kibali. Muulize kama jina lako litakaa pamoja na majibu au utapewa namba tu, na nani mwingine ataifungua hiyo tableti. Halafu muulize atarudi lini kukusomea kipimo chako kwa Kiswahili, wewe mwenyewe, siyo kupitia kwa mwenyekiti wa kitongoji. Akikujibu tarehe, iandike mbele yake.