Hikaru hana papara, mdogo wangu

Nimetoka zamu ya usiku, usingizi umegoma, basi acha niandike.

Juzi mdogo wangu kaniambia siku hizi anacheza sataranji kwenye simu, zile za dakika moja moja, na kwamba anamuiga Hikaru Nakamura. "Dada, jamaa hafikirii kabisa, anapiga tu!" Nikaona hili nimjibu hapa hapa hadharani, maana najua mko wengi mnaoamini hivyo.

Kwa wasiomjua, Nakamura ni Mmarekani aliyezaliwa Japani mwaka 1987, akawa grandimasta akiwa na miaka 15. Mashindano ya kasi ya mtandao wa Chess.com aliyabeba mara tano mfululizo, 2018 hadi 2022, na fainali ya 2022 alimshinda Magnus Carlsen mwenyewe kwa pointi 14.5 kwa 13.5. Huyo si wa kubahatisha jamani!

Maoni yangu ni haya: kasi yake haitoki kwenye vidole, inatoka kwenye mpangilio. Mwangalieni anavyoanza. Mara nyingi hatafuti ugomvi. Kete zake zinalindana, mfalme kashafichwa mapema. Sasa kwenye mtandao unaweza kuagiza hatua yako kabla mwenzako hajacheza. Akicheza tu, yako inajipiga yenyewe, na saa yako inapungua sehemu moja tu ya kumi ya sekunde. Mdogo wangu anaagiza chochote, ndiyo maana malkia wake analiwa bure kila siku. Hikaru huagiza ile hatua itakayokuwa salama hata mwenzake afanye nini. Na akizidiwa hakubali haraka. Kila hatua anamwachia mwenzake kaswali kadogo, mwenzake anawaza, saa inakwisha. Wazee wa drafti pale kijiweni wanalijua hili: anayebamiza kete kwa kelele siye anayeshinda.

Mtasema, mbona kwenye mchezo wa taratibu anafungwa? Kweli, hufungwa. Aprili 2024 mashindano ya Candidates yalichezwa hapa hapa Toronto, ukumbi wa Great Hall, Queen Street. Nilikuwa nayafuatilia kwa simu nikiwa kwenye tramu. Vidit Gujrathi wa India alimfunga Hikaru mara mbili, na Gukesh, kijana wa miaka 17, akaibuka mshindi kwa pointi 9. Lakini Hikaru alimaliza na 8.5. Nusu pointi tu, kwenye michezo ya saa kadhaa! Asiyefikiria angefika hapo?

Sasa kwa nini nalivalia njuga? Kwa sababu huyu mdogo wangu anasomea uuguzi, na karibuni ataingia wodini. Mimi mwaka wangu wa kwanza huku niliogopa kuonekana mzito. Usiku mmoja nikakimbilia kitandani kwa mgonjwa nikiwa na dawa ya mgonjwa wa jirani. Mashine ya kusoma utepe wa mkononi ikalia, ikakataa. Hakudhurika mtu, namshukuru Mungu, ila nilitetemeka mpaka asubuhi. Nilikuwa nimeagiza hatua bila kuangalia ubao.

Tangu siku ile, zamu ikianza napanga kigari changu cha dawa, nakagua oksijeni, najua nani amelala wapi na ana nini. Ikitokea dharura, mikono haihangaiki kutafuta. Wenzangu husema nina mbio. Wapi! Kazi nyingi nimeshaimaliza saa moja jioni.

Kwa hiyo mdogo wangu, sikukatazi sataranji, na Mama naye namwomba asikunyang'anye simu. Ila cheza kwanza za dakika kumi, ujifunze kete zako zikae vizuri. Kasi itakuja yenyewe. Na ukivaa sare, soma jina la mgonjwa mara mbili, hata kama wodi nzima inakuita.

Wengine mnasemaje? Nasubiri maoni yenu nikiamka. Tuko pamoja.