Risala ya Madereva wa Teksi za Umeme wa Jericho kuhusu Uchakavu wa Betri

Kwa Waziri wa Barabara na Uchukuzi, Gavana wa Kaunti ya Nairobi, wakopeshaji na wakodishaji wa magari, pamoja na kampuni za teksi za mtandaoni

Waheshimiwa,

Sisi ni madereva tunaolaza magari mtaani Jericho. Hatukuja kulilaani gari la umeme. Tunalipenda: halijui petroli wala oili, na abiria hulisifu kwa utulivu wake. Kilio chetu ni kwamba betri ikichakaa hasara yote humwangukia dereva, ilhali dereva ndiye asiyeambiwa hali ya betri wakati wa kununua, na ndiye asiye na pa kuichaji inavyofaa.

Wengi wetu tunaendesha Nissan Leaf za mitumba kutoka Japani, gari lililoingia kwenye kazi ya teksi Nairobi mwaka 2018 kupitia kampuni ya teksi ya Nopia Ride. Kwenye dashibodi, pembeni mwa kipimo cha chaji, kuna baa ndogo 12 zinazoonyesha betri yenyewe imebaki na nguvu kiasi gani. Baa ya kwanza ikizimika, karibu asilimia 15 ya uwezo imekwenda. Zikibaki 8, imekwenda kama theluthi. Leaf ya 2011, yenye betri ya kilowati-saa 24, ilipimwa Marekani ikiwa mpya ikaenda kilomita 117 hivi. Toa theluthi, zinabaki chini ya 80. Hizo zinaisha kwa safari chache za asubuhi, kisha dereva anapanga foleni kwenye chaja huku wateja wakiita.

Mnunuzi haambiwi haya. Anaonyeshwa kilomita, rangi na viti, dashibodi ikiwa bado na maandishi ya Kijapani, kisha anaambiwa betri iko sawa. Hata baa zenyewe zinaweza kurudishwa kwa ujanja zionekane zimejaa, halafu zikaanza kuzimika tena gari likishalipiwa. Na kuipima betri si kazi: kifaa kidogo kinachomekwa chini ya usukani, na programu ya simu inasoma afya ya betri kwa dakika chache. Muuzaji hafanyi kwa kuwa halazimishwi. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa bora na habari za kumwezesha kuitumia ipasavyo. Tunadai haki hiyo kwenye betri, ambayo ndiyo thamani kubwa ya gari.

Kuhusu kuchaji, tunaomba mtusikilize vizuri. Nyumba zetu ni za kaunti, za zamani, hazina gereji. Huwezi kupitisha waya dirishani, uvuke njia wanapocheza watoto, hadi kwenye gari lililo nje. Basi tunategemea chaja za kasi. Betri ya Leaf haipozwi kwa maji kama za magari mengine mengi. Joto la kuendesha linakutana na joto la chaji ya kasi, na ukirudia mchana huohuo kipimo cha joto kinapanda bila kupata nafasi ya kushuka. Joto hilo ndilo linaloila betri. Huko Arizona, Marekani, wenye Leaf walipoona baa zinazimika mapema walipiga kelele, na Nissan ikakubali kugharamia betri zitakazoshuka chini ya baa 9 ndani ya miaka 5 au maili 60,000. Sisi tulionunua mitumba hatuna wa kumshika.

Tangu 2023 kuna bei maalumu ya stima kwa magari ya umeme: msingi wa shilingi 16 kwa uniti, na 8 saa za usiku ambapo matumizi ni madogo. Nafuu hiyo inatupita usiku tukiwa tumelala, gari liko nje bila pa kuchomekwa.

Kwa hiyo tunadai kila gari la umeme la mitumba lipimwe afya ya betri kabla ya kuingia nchini na tena linapouzwa, na cheti apewe mnunuzi. Ulaya imeshaamua kwamba kuanzia Februari 2027 kila betri mpya ya gari la umeme iwe na pasipoti yake, yaani kumbukumbu ya taarifa zake. Haya si mambo ya ndoto.

Kaunti itenge maegesho Jericho yenye chaja za polepole za usiku, kwa bei hiyo ya 8. Leaf ya zamani hujaa kwa saa kama nane, muda uleule ambao dereva amelala.

Mikataba ya mkopo na ya kukodi itenganishe uharibifu na uchakavu. Dereva akigonga jiwe, alipe. Betri ikipungua kwa kufanya kazi iliyonunuliwa kuifanya, mkopeshaji au mkodishaji abebe sehemu yake, na malipo ya wiki yashuke kadiri kilomita zinavyoshuka. Wapo wenzetu wanaolipa kiasi kilekile cha siku ya kwanza kwa gari lisilofika nusu ya safari zake za awali.

Kampuni za mtandaoni zisimfungie akaunti dereva anayekataa safari ya mbali kwa sababu chaji haitoshi. Kumwacha abiria njiani usiku ni hatari kwake na kwetu.

Tunaomba majibu kwa maandishi ndani ya siku 60, na mkutano nasi papa hapa Jericho, siku ya Jumapili asubuhi, wakati wengi wetu hatuko kazini.

Ni sisi, madereva wa teksi za umeme wa Jericho.