Shahada Moja, Jasho la Nyumba Nzima



Katika mitaa ya Lubumbashi, kuanzia Katuba hadi Ruashi, hutolewa hukumu mbili juu ya watu wawili wanaofanya jambo lile lile. Baba wa watoto watatu akijiandikisha katika kitivo cha sheria, ukoo mzima humpongeza, na nyumbani kwake hutangazwa amri: baba anasoma, asisumbuliwe. Mama wa watoto watatu akijiandikisha katika kitivo hicho hicho, ukoo ule ule huuliza: nani atapika, nani ataogesha watoto, na je, mume wake hataishia kupelekwa mahakamani? Sisi tunasema waziwazi kwamba hukumu hizi mbili ni dhuluma. Tena ni dhuluma iliyo mbaya zaidi kwa sababu inatendeka ndani ya nyumba ya mtu anayejifunza haki.

Hatusemi haya ili kuwavunja moyo watu wazima wanaorudi masomoni. Tunawaheshimu. Kuketi ukumbini pamoja na vijana wa miaka 18, huku mfukoni mna deni la karo ya watoto wako mwenyewe, ni ushujaa. Tunachopinga ni uongo unaoufunika ushujaa huo: uongo wa kwamba anayesoma ni mmoja, na kwamba anayechoka ni yeye peke yake.

Kwanza tuhesabu, maana familia nyingi huingia katika safari hii bila kuhesabu. Kwa utaratibu ambao wengi wetu tuliuzoea, masomo ya sheria yalidumu miaka 5: miaka 3 ya graduati na miaka 2 ya lisansi. Mfumo mpya wa LMD umebadili mpangilio wa ngazi, lakini haukuifanya njia kuwa fupi kwa yule anayetaka kufika mwisho wake. Baada ya shahada, anayetaka kuwa wakili hufanya staji ya miaka 2, kufuatana na sheria ya tarehe 28 Septemba 1979 iliyopanga kazi ya mawakili nchini mwetu. Na wengi wanaofanya staji hiyo hawapati malipo yanayoweza kulisha nyumba. Jumla ni miaka 7, ikiwa hakuna mwaka uliorudiwa. Mtoto aliyezaliwa wakati baba alipoanza mwaka wa kwanza atakuwa tayari ameketi kwenye dawati la shule ya msingi siku baba atakapokamilisha staji yake. Je, nani aliyemlea mtoto huyo, akamtibu malaria, akamnunulia sare?

Jibu wanalijua wote wanaoamka mapema. Mama ndiye anayekwenda soko la Kenya kabla jua halijapanda, akanunua unga wa mahindi na kuuza tena kwa vipimo vidogo, ili faida igawanywe sehemu tatu: chakula cha jioni, karo ya watoto, na karo ya chuo. Bei ya unga ikipanda, sehemu ya chuo haiguswi, hupunguzwa bukari. Kikao cha mitihani kikikaribia, mama huwatuliza watoto, huwapeleka kwa jirani, hukoroga uji, hupiga pasi shati jeupe la mtihani. Jina lake halitasomwa siku ya kutangaza matokeo. Wahenga walisema kwamba mchumia juani hulia kivulini; katika nyumba hizi, mmoja huchuma juani, na mwingine hula kivulini.

Tunajua majibu tutakayopewa, nasi hatuyakwepi.

Jibu la kwanza ni kwamba sheria ni somo zito. Ni kweli. Mwanafunzi wa sheria husoma vitabu vinene, hukariri ibara, hupambana na maneno ya Kilatini, huandika kazi ya mwisho wa masomo akiogopa maswali ya walimu wake. Anahitaji utulivu. Lakini utulivu hauanguki kutoka angani kama umande. Utulivu wa nyumba ni kazi ya mikono ya mtu fulani. Basi ikiwa sheria ni nzito, ni nzito pia kwa mama anayeisoma. Kwa nini yeye afungue kitabu saa tano ya usiku, baada ya kuosha vyombo vya wote, tena kwa taa ya betri kwa sababu umeme umekatika tangu magharibi? Uzito wa somo haubadiliki kufuatana na jinsia ya msomaji. Anayetumia hoja hiyo kwa baba na kuisahau kwa mama, hatetei masomo. Anatetea kiti chake.

Jibu la pili ni kwamba mahali pa mama ni nyumbani, na kuna wanaothubutu kujificha nyuma ya mafundisho ya Kanisa ili kulisema. Wasome vizuri. Katika waraka wake Familiaris Consortio wa mwaka 1981, Papa Yohane Paulo wa Pili alifundisha kwamba hadhi na wajibu sawa wa mwanamke na mwanamume unahalalisha kikamilifu mwanamke kuingia katika kazi za jamii. Na papo hapo akataka kazi ya nyumbani itambuliwe na kuheshimiwa kwa thamani yake. Mambo hayo mawili huenda pamoja. Anayeiheshimu kazi ya nyumbani hawezi kuona aibu kuishika kwa mikono yake. Ikiwa kuosha masufuria ni kazi yenye heshima kwa mama, inakuwaje kuwa fedheha kwa baba?

Historia ya nchi yetu nayo inasema. Chuo Kikuu cha Lovanium kilianzishwa mwaka 1954. Mwanamke Mkongo wa kwanza kupata shahada ya chuo kikuu, Sophie Kanza, aliipata hapo mwaka 1964, katika elimu ya jamii. Miaka miwili baadaye akawa waziri. Mume wake, Marcel Lihau, alikuwa mmojawapo wa wanasheria wa kwanza wa nchi hii na rais wa kwanza wa Mahakama Kuu. Basi hata katika nyumba ya mwanasheria huyo mkubwa, mke alikuwa msomi na mtumishi wa taifa. Anayedai kwamba elimu ya mke ni kigeni kwetu amesahau wakubwa wetu wenyewe.

Jibu la tatu ndilo linalonong'onwa zaidi: mke akijua sheria, atamshitaki mume wake. Tunauliza kwa upole: mume huyo anaogopa nini? Mtu asiyeiba haogopi polisi. Mke anayejua sheria atakumbuka kumwandikisha mtoto katika ofisi ya serikali ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa, jambo ambalo nyumba nyingi husahau hadi siku mtoto anapodaiwa cheti. Atataka ndoa iliyofungwa kidesturi iandikishwe. Siku mume wake akifariki, atajua kwamba watoto ni warithi, na kwamba mashemeji hawana ruhusa ya kubeba vitanda na kufunga mlango juu ya mjane. Marehemu mwenye akili angetamani kuacha nyuma yake mlinzi wa namna hiyo. Elimu ya sheria ndani ya nyumba ni ngome ya watoto kabla ya kuwa silaha dhidi ya mtu yeyote.

Tena tusisahau tulikotoka. Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987 ilimtaka mke apate idhini ya mume kabla ya kufanya matendo ya kisheria. Mama aliyekuwa akilisha nyumba kwa biashara yake alihesabiwa kama mtoto mbele ya karatasi. Ilichukua miaka 29: sheria ya tarehe 15 Julai 2016 ndiyo iliyouondoa mzigo huo. Leo mwanafunzi hufundishwa badiliko hilo, huliandika katika daftari lake, hujibu vema siku ya mtihani. Kisha hurudi nyumbani na kumwambia mke wake kwamba hawezi kujiandikisha chuoni kwa sababu yeye hajamruhusu. Mtihani huo ameushinda kwa mdomo, ameshindwa kwa mwenendo. Ndipo tunapokumbuka methali: mganga hajigangi.

Lakini kuna mtu wa tatu katika nyumba hizi, na juu yake tunapaza sauti zaidi. Baba anapoachiliwa kazi zote kwa sababu anasoma, na mama anaposhindwa kuzibeba zote, au mama anaposoma bila msaada wa baba, mara nyingi huletwa binti mdogo kutoka kijijini. Ana miaka kumi, pengine kumi na miwili. Waliambiwa wazazi wake kwamba atasomeshwa mjini. Kufika hapa, anabeba mtoto mgongoni, anachota maji, anafua mashati ya mwanafunzi wa sheria saa ambayo wenzake wanaimba darasani. Na juu ya meza, katika nyumba hiyo hiyo, ipo Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, ambayo ibara yake ya 43 inasema kwamba elimu ya msingi ni ya lazima na ni bure katika shule za umma. Ipo pia sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto, inayokataza kumnyonya mtoto kwa kazi. Mwanafunzi anaipigia mistari kwa kalamu nyekundu. Binti anaifuta vumbi. Hapa baba na mama wote wawili wanahusika, na hatumwachii yeyote kati yao njia ya kutokea. Shahada iliyopatikana kwa kumnyima mtoto shule ina deni ambalo hakuna mshahara wa hakimu utakaolilipa.

Linabaki jambo la mwisho, ambalo wanasheria wenyewe wanalijua. Katika nchi yetu, wanandoa wasipochagua utaratibu mwingine wa mali, sheria huchukua kwamba vitu walivyovipata pamoja wakati wa ndoa ni vyao wote wawili. Kiwanja kikinunuliwa, ni cha wote. Lakini shahada haigawanyiki. Imeandikwa jina moja, hukaa ukutani kwa jina moja, na mtu akiondoka huondoka nayo. Tumeona wanawake waliouza unga miaka saba ili mume afike mahakamani, kisha mume alipofika akasema kwamba mke huyo hafai tena kusimama karibu naye, kwa sababu hajui kuzungumza na wakubwa. Hakuna ibara itakayomrudishia mama huyo miaka yake yote. Pale sheria inapokosa mkono mrefu, dhamiri ndiyo hakimu. Na kwa kuwa tunajua mapema kwamba sheria haitafika huko, tunapaswa kupanga haki mapema.

Kwa hiyo tunaomba mambo manne, yasiyohitaji fedha ya yeyote.

Kwanza, mtu wa ndoa asijiandikishe chuoni kabla ya kuketi na mwenzake na kuhesabu miaka yote, ile ya masomo na ile ya staji, pamoja na kila faranga. Idhini ya mkubwa kwa mdogo haitoshi. Tunataka mapatano ya watu wawili.

Pili, kazi za nyumba zigawanywe kwa siku na kwa saa, kama ratiba ya chuo inavyogawanywa. Anayeweza kukumbuka saa ya somo la sheria ya jinai anaweza kukumbuka kwamba Alhamisi ni siku yake ya kupika.

Tatu, mtoto yeyote anayeishi katika nyumba hiyo, awe wa kuzaliwa au wa kuletwa, aende shule. Ikiwa masomo ya mkubwa hayawezekani bila mdogo kuacha shule, basi masomo ya mkubwa yangoje.

Nne, zamu irudi. Aliyesomeshwa amsomeshe mwenzake: chuoni, au katika ufundi, au katika kuikuza biashara ile iliyomsomesha yeye. Nasi katika jumuiya zetu tusiwe watazamaji. Wiki za mitihani zinajulikana. Jirani anaweza kupokea watoto kwa alasiri mbili, na ampokee mtoto wa mama anayesoma kwa furaha ile ile anayompokelea mtoto wa baba anayesoma.

Tunaambiwa kila siku kwamba nchi yetu inahitaji mahakimu waaminifu na mawakili wasionunulika. Ni kweli. Lakini mtu hajifunzi kusikiliza pande mbili kwa mara ya kwanza siku anapovaa joho. Anajifunza mezani pake, anapomsikiliza mke wake kuhusu bei ya unga, na anapomwona binti mdogo anayefua mashati yake. Asiyewasikia hao, kesho atawezaje kumsikia mjane asiye na wakili? Kabla hatujamwuliza mwanafunzi wa sheria amepata alama ngapi, tumwulize ni nani nyumbani kwake aliyezilipia, naye atamlipa nini.