Tusingoje Makofi ya Wageni

Wako wasomi wa Kericho na Bomet wasioweza kuketi hata robo saa kumsikiliza mzee akipiga chepkong, kinubi cha Wakipsigis. Husema hayo ni mambo ya kale. Lakini muziki wa Kiafrika ukipigwa ng'ambo, katika jumba la kale la opera lenye viti vya mahameli na taa za kumeta, wasomi hao hao hulipa fedha nyingi waingie, kisha husimama wakapiga makofi hata viganja vikawaka. Kinubi kile hakikubadilika. Kilichobadilika ni jumba.

Wao hujitetea kwamba jumba kubwa ndilo liupalo muziki hadhi. Sivyo. La Scala ya Milan, iliyofunguliwa mwaka 1778, ilifunguliwa kwa opera iliyoimbwa Kiitalia. Wenyeji walianza kwa kuzipenda nyimbo zao, jumba likafuata.

Nasi tunao ushahidi wetu. Mwaka 1950 Hugh Tracey alifika Kapkatet na mashine ya kunasa sauti. Wasichana wa Kipsigis wakaimba, kwa mlio wa chepkong, juu ya Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani ambaye sahani zake za santuri zilikuwa zimefika huku. Jina lake waliligeuza likawa Chemirocha. Hawakukitupa kinubi kwa ajili ya santuri. Walimkaribisha mgeni ndani ya wimbo wao. Hapakuwa na jukwaa wala pazia, walakini wimbo ule umesikilizwa na watu wa mbali sana. Sauti zile zilihifadhiwa Afrika Kusini, na nakala zikarudishwa kwa wenyewe baada ya miaka zaidi ya 60.

Sisemi msiende katika majumba hayo. Bi Kidude wa Unguja aliimba ng'ambo, na mwaka 2005 akapewa tuzo ya WOMEX. Lakini aliyeng'ara huko alikuwa amelelewa na ngoma za unyago na taarabu za kwao. Muziki usio na wasikilizaji nyumbani utapata wapi wapigaji?

Basi, ewe mwanafunzi, likizo ijayo mtafute mzee ajuaye chepkong, umwombe akufundishe; wala usifanye hivyo kwa ajili ya kombe la mashindano tu. Akifa hajakufundisha, hakuna jumba duniani litakalomrudisha. Mwacha asili ni mtumwa, na utumwa mbaya kuliko wote ni ule wa sikio: kungoja mgeni apige makofi, ndipo ujue kwamba umesikia kitu kizuri.