Maji ya Chumvi Ndiyo, Amoksilini ya Sandukuni Hapana

Baridi imeingia na mikutano yetu sasa inaendeshwa kwa sauti za puani. Hita za mabweni hapa Marekani zinakausha hewa usiku kucha, mafua yanahama chumba hadi chumba, na baada ya siku chache malalamiko yanaanza: paji la uso zito, meno ya juu yanauma, makamasi mazito, kuinama kufunga viatu ni mateso. Hiyo ndiyo sainasi. Ndani ya mifupa ya uso, kuzunguka pua, kuna matundu ya hewa. Ngozi yake laini ikivimba, njia hubanwa, ute hukwama na uso huuma.

Hapo ndipo kundi letu la WhatsApp hugeuka duka la dawa. Mmoja anashauri nyungu, mwingine mafuta ya habasoda, wa tatu anauliza: "Nani amebakiwa na amoksilini?" Maoni yangu ni kwamba tiba za nyumbani tuziheshimu, ila tusizitie zote kapu moja.

Maji ya chumvi yanasaidia. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2016, uliohusisha wagonjwa 871 wenye sainasi sugu au ya kujirudia, ulionyesha kwamba kusafisha pua kulileta nafuu ya kiasi, huku kujifukiza kukipunguza maumivu ya kichwa tu. Lakini kuna sharti. Mwaka 2011, huko Louisiana, watu wawili walifariki baada ya kusafisha pua kwa maji ya bomba yaliyokuwa na amiba aitwaye Naegleria fowleri. Ukimnywa hakudhuru, akipita puani anaweza kufika kwenye ubongo. Ni jambo la nadra sana, na kinga yake ni birika tu: chemsha maji, yatokote dakika moja, yaache yapoe, kisha tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi isiyo na madini joto kwa nusu lita hivi. Au nunua maji yaliyotoneshwa.

Nyungu nayo ina mahali pake. Waliokuwa Tanzania mwaka 2020 wanakumbuka jinsi kujifukiza kulivyohimizwa. Mvuke unafariji, lakini hauui virusi, na sufuria la maji ya moto juu ya kitanda cha bweni, chini ya blanketi, ni ajali inayosubiri mtu. Ingia bafuni, funga mlango, fungulia bomba la mvua la maji ya moto, ukae dakika kumi. Chai ya tangawizi na mchaichai kunywa upendavyo. Kwa maumivu, Panadol tuliyoizoea hapa huuzwa kwa jina la Tylenol. Soma karatasi, maana dawa nyingi za mafua zina kiambato hicho hicho, na kuzidisha kunaharibu ini.

Ninachokipinga ni amoksilini ya sandukuni. Najua kwa nini tunaifungasha: hapa bili ya hospitali inatisha kuliko ugonjwa. Lakini sainasi nyingi huanzishwa na virusi, ambavyo antibaiotiki haivigusi, na kwa kawaida hupona zenyewe ndani ya wiki mbili au tatu. Anayemeza vidonge vinne vilivyobaki hapati nafuu yoyote ya maana, ila anawafundisha bakteria usugu. Na anayemgawia mwenzake hajui kama mwili wa mwenzake unaikataa penisilini. Mzio huo unaweza kuua.

Wapo watakaosema bibi zetu walitibu haya bila daktari. Kweli, lakini bibi huyo huyo, akiona jicho la mtoto limevimba, alimfunga mgongoni akaenda zahanati. Mficha maradhi kilio humfichua. Ukipita siku kumi bila nafuu, au ukapata ahueni kisha hali ikarudi vibaya zaidi, muone daktari. Jicho likivimba, ukaona vitu viwiliviwili, shingo ikakakamaa au ukaanza kuchanganyikiwa, usisubiri kesho.

Vyuo vingi vina kituo cha afya cha wanafunzi, na mara nyingi gharama ya kumuona daktari pale imo tayari kwenye ada tunazolipa. Wengi wetu hatujawahi kuuliza. Napendekeza viongozi wetu waulize kwa niaba yetu, waandike jibu kwa Kiswahili, na walibandike pale juu kwenye kundi. Halafu mwanachama mgeni akiuliza nani amebakiwa na vidonge, ajibiwe na mtu wa kumsindikiza kituoni.