Harusi ya Lugha Mbili Inataka Mkalimani, Sio MC wa Kufupisha

MC wengi wa Nakuru hawatapenda hii, lakini acha niseme. Shosho akiongea dakika tano kwa Kikuyu, halafu wewe ushike maiki utuambie "amesema asante na Mungu awabariki", umemwibia shosho. Na umeibia wageni pia.

Mimi hushika kamera kwa harusi, so huwa naangalia nyuso za watu. Hapa kwetu bibi harusi anaweza kutoka Bahati na bwana harusi atoke Bomet. Sisi vijana tunaelewana, Kiswahili na Sheng zinatosha. Lakini shosho anajieleza vizuri kwa Kikuyu, na kogo kwa Kipsigis. Hotuba ikianza, nusu ya hema inacheka, nusu ingine inaangalia sahani.

Najua mtu atasema si Kiswahili ndio lugha ya taifa. Ni kweli, Katiba ya 2010 inasema hivyo kwa kifungu cha 7. Lakini kifungu hicho hicho kinaiambia serikali ilinde lugha zetu zote. Mzee ukimlazimisha abariki kwa lugha ya kuazima, atasema maneno mawili aketi.

Na msisahau tuko Rift Valley. Vurugu za baada ya uchaguzi wa 2007 zilifika Nakuru mjini, Molo na Kuresoi. Wazee wanaoketi viti vya mbele walipitia hayo wakiwa watu wazima. Mmoja wao akisimama aseme "huyu sasa ni mtoto wetu", hayo sio maneno ya kujaza programu. Familia ile ingine lazima iyasikie yote, kwa lugha inayoelewa.

Kuna wenye husema afadhali maneno mengine yasitafsiriwe, mjomba asije akaharibu siku. Mimi naona ni kinyume. Mjomba akijua kila neno litafika ng'ambo ile, atachunga mdomo.

Kesi ya Nuremberg iliyoanza 1945 ilitafsiriwa papo hapo kwa lugha nne, watu wakiwa na hedifoni. Sisi hatuhitaji mitambo hiyo. Makanisa yetu yamefanya hii kazi miaka mingi: mhubiri anasema sentensi, mkalimani anafuata. Shida ni moja tu, dakika tano zinakuwa kumi. Basi kila msemaji apewe tatu. Ama mkalimani akae katikati ya wazee awanong'onezee, wengine waendelee na pilau.

Lakini asiwe MC, juu MC anapigana na saa. Mpe maiki yake. Mpe majina ya watu na methali mapema, asikwame mbele ya wageni. Mzee akisema "nimefurahi", naye aseme "nimefurahi", sio "anasema ati amefurahi". Asipunguze, asiongeze utani wake.

Na alipwe, jameni. Tunalipa droni ije ipige picha paa la hema, alafu kazi ya kuunganisha familia mbili tunampea binamu yeyote aliyeketi karibu na spika.

Kama unaoa ama unaolewa Disemba hii, tafuta mkalimani kabla ya keki. Keki inaisha jioni hiyo hiyo. Wakwe mtakaa nao.